Kabla Hujanunua Betri Nyingine, Pima Kwanza

Leo sizungumzii mbolea wala mnyauko wa migomba. Leo tunafungua boneti.

Majuzi, saa 11 alfajiri, simu yangu iliita. Alikuwa kijana mmoja wa Nkwenda, mkulima wa ndizi na maharage ambaye nimekuwa nikipita shambani kwake tangu alipoanza na ekari mbili.

"Shikamoo bwana shamba. Samahani kukuamsha. Gari limegoma tena, na mzigo uko juu."

Mzigo wenyewe ulikuwa mikungu ya ndizi iliyokatwa jana yake jioni. Mnunuzi alikuwa anamsubiri Kyaka na lori la kwenda Mwanza, na lori la mtu halisubiri. Nilimuuliza kama betri ni nzima. Akajibu kwa hasira kidogo: "Bwana shamba, hii betri ni mpya. Ni ya pili tangu mwaka uanze."

Hapo ndipo nikajua tatizo si betri. Nikamwambia, "Usinunue ya tatu. Nakuja."

Nitawaambia mwishoni tulichokikuta. Kwanza niseme kwa nini bwana shamba anaandika habari za umeme wa gari. Mimi si fundi, nimesomea kilimo. Ila miaka ya kuzunguka Karagwe na Kyerwa na gari kuukuu imenifundisha kitu kimoja: kijana anaweza kulima vizuri, akapalilia kwa wakati, akapata mzigo safi, halafu faida yote ikaishia barabarani. Nyanya hazijui kwamba gari limezima. Ndizi zinaendelea kuiva. Na mnunuzi akishapata mzigo kwa mwingine, bei unayopewa baada ya hapo ni ya huruma.

Na kuna jambo la pili. Namna tunavyokosea kwenye gari ndivyo tunavyokosea shambani. Jani la mgomba likiwa la njano, mmoja anasema ni ukosefu wa mbolea, mwingine anasema fukusi, wa tatu anasema mnyauko. Dalili ni moja, magonjwa ni mengi. Ndiyo maana nikija shambani kwako sianzi kuandika dawa. Nakata shina, naangalia ndani, nachimba kidogo kwenye mizizi. Sasa kwa nini gari likigoma asubuhi unakimbilia kununua betri bila kukata shina?

Tenki, pampu na mabomba

Fikiria mfumo wako wa umwagiliaji. Kuna tenki, kuna pampu inayolijaza, kuna mabomba, na kuna mimea inayokunywa.

Kwenye gari, betri ndiyo tenki. Alteneta ndiyo pampu, na inazungushwa na injini kwa mkanda. Waya ndizo mabomba. Stata, taa, waipa, feni na redio ndiyo mimea inayokunywa. Stata inakunywa kwa pupa lakini kwa sekunde chache tu. Gari likishawaka, alteneta inatakiwa ifanye kazi mbili kwa pamoja: inalisha vifaa vyote, na inarudisha kwenye tenki kile stata ilichokunywa.

Ndani ya alteneta kuna vitu vitatu ambavyo majina yake utayasikia kwa fundi. Kuna kaboni, vipande viwili vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka; vinalika taratibu kama penseli. Kuna dayodi, zinazogeuza umeme wa alteneta uwe wa kwenda upande mmoja kama betri inavyotaka; ni kama vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma. Na kuna regyuleta, inayopima na kuamua alteneta izalishe kiasi gani.

Sasa tenki likikutwa tupu asubuhi, sababu ni moja kati ya hizi nne. Tenki lenyewe limepasuka, yaani betri imekufa. Pampu haijazi, yaani alteneta au mkanda. Bomba limeziba, yaani waya, temino au fyuzi. Au kuna mtu anaiba maji usiku, yaani kuna kifaa kinachokunywa umeme gari likiwa limezimwa. Kununua betri kunatibu sababu moja tu kati ya nne. Zile nyingine tatu zitaiua na betri mpya pia, taratibu, wewe ukilaumu muuzaji.

Chombo unachohitaji

Unahitaji mita ya kupimia umeme, ile ndogo yenye waya mbili, nyekundu na nyeusi. Yangu niliinunua shilingi 20,000. Linganisha na bei ya betri, halafu uniambie kipi ni ghali. Weka swichi kwenye volti za umeme wa betri, kipimo cha 20. Kama gari lako ni Fuso au Canter ya volti 24, nenda kipimo kinachofuata juu yake.

Kabla ya kugusa chochote: vua pete na saa ya chuma, usivute sigara karibu na betri, maana betri inayochajiwa hutoa gesi inayowaka. Maji yake ni asidi, yakikuingia machoni osha kwa maji mengi safi na uende zahanati. Ukifungua betri, toa waya hasi kwanza. Ukirudisha, waya hasi iwe ya mwisho. Na injini ikiwa inazunguka, weka mbali na mkanda mikono ya shati, kamba za kofia na kila kinachoning'inia.

Kipimo cha 1: Macho, masikio na pua

Hiki hakihitaji mita. Fungua boneti gari likiwa limezimwa.

Angalia temino za betri. Ukiona unga mweupe au wa kijani, hapo umeme unapita kwa shida. Shika temino ujaribu kuizungusha kwa mkono, ikizunguka, imelegea. Fungua, mwagia maji ya moto, sugua kwa mswaki wa zamani mpaka chuma king'ae, kaza, kisha paka grisi kidogo juu. Barabara zetu za vumbi na mashimo zinalegeza nati kila siku, kwa hiyo usiseme "nilikaza mwaka jana".

Angalia mkanda. Ubonyeze katikati kwa kidole gumba. Kwa magari mengi ukizama kama sentimita moja uko sawa. Ukizama sana unateleza, na alteneta inazunguka kivivu. Angalia kama una nyufa, umeng'aa kama kioo, au umelowa oili. Mkanda unaoteleza mara nyingi hupiga kelele asubuhi ya baridi, au unapowasha taa kubwa. Usiukaze kupita kiasi pia. Mkanda uliokazwa kama gitaa unaua beringi za alteneta.

Kisha weka ufunguo uwashe dashibodi bila kupiga stata. Ile taa nyekundu yenye picha ya betri lazima iwake. Isipowaka, usifurahi. Kwenye magari mengi umeme unaopita kwenye taa hiyo ndio unaoamsha alteneta ianze kuzalisha. Taa ikiungua au fyuzi yake ikikatika, alteneta inaweza kulala usingizi na wewe usipate onyo lolote. Ukishawasha gari, taa hiyo lazima izime. Ikibaki inawaka hata kwa mwanga hafifu, alteneta inakuomba msaada.

Kipimo cha 2: Betri ikiwa imelala

Pima asubuhi kabla hujawasha gari. Usipime mara tu baada ya kuzima, maana betri iliyotoka kuchajiwa inadanganya, inaonyesha juu kuliko ilivyo. Waya nyekundu ya mita kwenye ncha chanya ya betri, nyeusi kwenye hasi. Kwa betri ya volti 12:

- 12.6 au zaidi: imejaa.
- 12.4: imebaki kama robo tatu.
- 12.2: imebaki nusu.
- 12.0: imebaki kama robo.
- Chini ya 11.9: imeisha, na kila siku inayokaa hivyo inazidi kuharibika.

Wengi wanadhani 12.0 ni betri iliyojaa kwa sababu imeandikwa "volti 12". Hapana. Betri ya 12.0 ni tenki lenye maji ya kifundo cha mguu.

Ikiwa imeshuka, iondoe uipeleke kwa wanaochajisha, ichajiwe taratibu mpaka ijae, kisha iache ilale usiku mzima bila kufungwa kwenye gari. Asubuhi pima tena. Ikibaki 12.6, betri ni nzima, mwizi yuko kwingine. Ikishuka yenyewe bila kufungwa popote, hapo ndipo unaweza kusema betri imekufa.

Kipimo cha 3: Wakati wa kupiga stata

Mwite mwenzako apige stata wewe ukiangalia mita kwenye betri. Namba itashuka, ni kawaida. Isishuke chini ya 9.6 hivi. Betri inayoonyesha 12.6 ikiwa imelala, halafu inaporomoka mpaka 7 au 8 ukipiga stata, imechoka ndani, ina sura tu. Lakini kama namba inabaki juu, tuseme 12, na stata inasema "ka" tu bila kuzungusha injini, betri haina kosa. Tatizo ni stata, temino, au waya wa athi, ule unaounganisha betri na bodi na injini.

Kipimo cha 4: Injini inaunguruma

Hiki ndicho kipimo mama. Washa gari, zima vifaa vyote, kanyaga mafuta kidogo kuliko kawaida, pima kwenye betri. Magari mengi ya volti 12 yanatakiwa yaonyeshe kati ya 13.8 na 14.5. Kwa Fuso au Canter ya volti 24, tafuta kati ya 27.6 na 29.

Halafu washa taa kubwa, feni ya ndani na waipa. Kanyaga mafuta kidogo tena. Namba itashuka, ila kwenye gari la volti 12 ibaki juu ya 13.2 hivi. Ikiendelea kuporomoka kuelekea 12, alteneta haitoshi, mkanda unateleza, au dayodi moja imekufa na pampu yako inafanya kazi kwa nguvu pungufu.

Ikiwa mita inaonyesha ile ile uliyoipata gari likiwa limezimwa, mfano 12.3, na inazidi kushuka, basi betri haichajiwi kabisa.

Na ikionyesha juu ya 15? Hilo nalo ni ugonjwa. Regyuleta imeshindwa kuzuia, inamwaga tu. Dalili zake ni balbu kuungua mara kwa mara, maji ya betri kuisha haraka, harufu ya yai bovu, na betri kuvimba. Wengi wetu tunaongeza maji kila wiki tukidhani ni matunzo. Mgonjwa anayekunywa maji ndoo nzima kwa siku apelekwe hospitali, asiongezewe ndoo.

Kipimo cha 5: Pima sehemu mbili

Wengi wanaruka hapa, ndiyo maana alteneta nzima zinatupwa. Injini ikiwa inaunguruma na taa zimewashwa, pima kwenye betri, andika namba. Kisha peleka waya nyekundu ya mita kwenye nati kubwa nyuma ya alteneta, ambako waya nene unatoka, na nyeusi uiache kwenye ncha hasi ya betri. Linganisha. Tofauti isizidi volti 0.3. Ikizidi, alteneta inazalisha lakini umeme haufiki: bomba limeziba. Tafuta nati iliyolegea, waya ulioungua, au ile fyuzi kubwa ambayo mara nyingi imeandikwa ALT kwenye mfuniko wa boksi la fyuzi.

Fanya hivyo hivyo upande wa athi: nyekundu kwenye bodi ya alteneta, nyeusi kwenye ncha hasi ya betri. Isizidi 0.2. Ikizidi, waya wa athi una kutu au umelegea.

Uwe mwangalifu na ile nati. Ina umeme muda wote hata gari likiwa limezimwa. Kama unataka kuikaza kwa spana, toa kwanza waya hasi ya betri, la sivyo spana ikigusa bodi utaona radi mchana.

Kipimo cha 6: Mwizi wa usiku

Gari linachaji vizuri, betri ni nzima, lakini likilala siku mbili haliwaki. Jaribio rahisi lisilo na gharama: jioni toa waya hasi ya betri. Baada ya siku mbili rudisha, piga stata. Likiwaka vizuri, kuna kifaa kinakunywa usiku. Mara nyingi ni redio iliyofungwa mtaani, king'ora, taa ya chini ya boneti, au dayodi mbovu ya alteneta inayoruhusu umeme urudi nyuma.

Usidharau wizi mdogo. Kifaa kinachokunywa nusu ampea tu, kwa siku tatu kinamaliza ampea-saa 36. Hiyo ni nusu ya betri ya 70. Gari ulilipaki Ijumaa, Jumatatu halina nguvu.

Na kuna mwizi mwingine tunayemkaribisha wenyewe. Betri ya gari inatolewa jioni inapelekwa ndani kuwasha taa na televisheni, watu waangalie mpira, asubuhi inarudishwa kwenye gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi, haikutengenezwa kunyonywa mpaka tone la mwisho. Ukiifanyia hivyo mara kadhaa, hata mpya inakufa kabla ya msimu wa kahawa kuisha. Mambo ya nyumbani yawe na betri yake ya sola.

Usikubali fundi atoe temino gari likiwa linawaka

Hili limenigharimu mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimpelekea fundi mmoja gari langu. Akaliwasha, akang'oa waya ya betri injini ikiunguruma. Gari halikuzima. Akacheka, "Bwana shamba, alteneta nzima hii." Kesho yake asubuhi taa nyekundu ikawaka na haikuzima tena. Regyuleta ilikuwa imeungua.

Fundi yule hakuwa mjinga. Alirithi mbinu ya zamani, enzi magari yalipotumia dainamo. Alteneta zenye dayodi zilianza kuenea kwenye magari miaka ya 1960, na dayodi hazipendi mchezo huo. Betri inatuliza umeme wa alteneta kama bwawa linavyotuliza mto. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka juu kwa kishindo, zinaweza kuua dayodi, regyuleta, na kwenye magari ya sasa hata kompyuta yake. Fundi akinyoosha mkono kwenye temino gari likiwa linawaka, mshike mkono kwa heshima, mpe mita.

Dizeli na breki: hili ni la uhai

Sikilizeni vizuri wenye Hilux na Hiace za dizeli za zamani, zile za injini za 2L, 3L na 5L. Nyuma ya alteneta yake kuna pampu ya vakyumu, na ndiyo inayosaidia mguu wako kwenye breki. Mkanda ukikatika, unapoteza vitatu kwa mpigo: gari halichaji, maji ya injini hayazunguki, na baada ya kukanyaga mara chache breki inakuwa ngumu kama jiwe. Breki haijafa, ila inataka nguvu zote za mguu. Sasa ifikirie hiyo ukiwa na tani ya ndizi unateremka mlima.

Kwa hiyo taa ya betri ikiwaka safarini kwenye gari la namna hiyo, usiseme "nitafika tu". Simama sehemu salama, angalia mkanda. Kama umekatika, usiendelee. Beba mkanda wa akiba na spana zake. Ni mdogo, unakaa chini ya kiti.

Na ukiona alteneta hiyo imelowa oili kwa nyuma, sili ya pampu imechoka. Oili itaingia kwenye kaboni na alteneta itaacha kuchaji. Ukibadilisha kaboni bila kuziba oili, umepiga dawa jani na kuacha mzizi.

Ikikukuta usiku njiani

Mkanda upo mzima lakini taa ya betri imewaka, uko kati ya Murongo na Omurushaka. Una muda gani? Taa kubwa mbili za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa 12, ni kama ampea 9. Ongeza taa za nyuma na mahitaji ya injini, sema 15. Betri ya 70 iliyobaki nusu ina 35. Gawanya 35 kwa 15: saa mbili na kidogo, kwenye karatasi. Barabarani hesabu nusu ya hapo, maana taa zinafifia mapema.

Zima redio, feni na chaja za simu. Usizime injini mpaka ufike penye watu, kwa sababu huenda usiiwashe tena. Lakini kamwe usizime taa kubwa ili kuokoa betri. Bora mzigo ulale njiani kuliko wewe ulale mochwari. Dizeli ya zamani yenye pampu ya kawaida inaweza kwenda mbali kwa umeme kidogo sana mchana. Gari la petroli au dizeli ya kisasa litazima tu umeme ukiisha.

Wenye Fuso na Canter

Zile betri mbili zimefungwa kwa kufuatana ili kupata volti 24. Usivute waya ya redio au chaja kutoka betri moja ili upate 12. Betri hiyo itakuwa na njaa, mwenzake atashibishwa kupita kiasi, na zote mbili zitakufa. Weka kifaa cha kupunguza volti. Na ukibadilisha, badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina moja. Ng'ombe mzee na ndama hawalimi jembe moja.

Tulichokikuta Nkwenda

Nilifika kumeshakucha. Mikungu ilikuwa juu ya gari, kijana amekaa kwenye bampa, hasemi. Tukalibusti kwa betri ya gari langu, likawaka. Taa nyekundu ya dashibodi ikazima vizuri, na hapo ndipo ilipokuwa ikimdanganya miezi yote. Ile taa inasikiliza alteneta, na alteneta ilikuwa inazalisha.

Nikapima kwenye betri, taa zikiwa zimewashwa: 12.4. Nikahamisha waya nyekundu nyuma ya alteneta: 14.6. Tofauti ya volti mbili na ushee! Tukazima, tukatoa waya hasi, tukaangalia ile nati kubwa. Ilikuwa imelegea, na kichwa cha waya kimeungua, cheusi kama mkaa. Waya ule ulikuwa unapitisha umeme kidogo tu, wa kumfikisha nyumbani, hautoshi kujaza tenki. Gharama ya kichwa kipya cha waya na nati haikufika hata bei ya mkungu mmoja.

Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Bwana shamba, kwa hiyo ile betri ya kwanza niliyomwachia fundi kwa bei ya chuma chakavu ilikuwa nzima?" Nikamwambia huenda. Sikuwa na jibu jingine la kumfariji.

Lori la Mwanza lilikuwa limeshaondoka. Mikungu ile aliiuza Omurushaka kwa bei ya waliojua kwamba hana pa kuipeleka.

Kazi ya nyumbani

Una daftari la shamba, au nimeshakwambia mara ngapi uwe nalo. Ongeza ukurasa wa gari. Kila tarehe mosi ya mwezi andika namba tatu: betri ikiwa imelala, injini ikiunguruma, na injini ikiunguruma na taa zote. Ni dakika tano. Namba zikianza kushuka mwezi hadi mwezi, utaliona tatizo likija kwa mbali kama mvua ya ng'ambo ya Mto Kagera, na utakwenda kwa fundi mchana, bila mzigo, ukiwa na namba mkononi. Fundi mzuri atafurahi kuziona. Fundi anayekwambia "achana na hizo namba, nunua betri" umeshamjua.

Msimu wa kahawa ukianza magari hayapumziki, na mafundi wanakuwa na foleni. Pima kesho asubuhi, kabla hujapiga stata.